Wageni wa Tovuti ya Masinki

"Kwa siku moja, tovuti yangu inaingiza watu wengi kuliko mlango huu kwa wiki nzima!"

Maneno hayo Waya aliyatoa kwa kipaza sauti, siku duka la vifaa vya bafuni lilipozindua vioo vyake vipya vya mbele. Walikuwepo wafanyakazi wote, majirani wa kushoto na kulia, fundi vioo mwenyewe akisubiri kusifiwa, na wateja wawili walioingia kutafuta koki wakajikuta wameshikishwa soda. Waya hakuwa kwenye ratiba. Alipewa kipaza sauti ajaribu tu kama kinasikika. Mtu mwingine angesema "moja, mbili, tatu" akakirudisha. Yeye alipoisikia sauti yake ikitoka kwenye spika mbili kwa mpigo, kichwa kikavimba.

Watu wakapiga makofi, maana mtu akishashikishwa soda ya bure hupigia makofi hata tangazo la kukatika umeme. Asiyepiga makofi alikuwa mmoja tu, naye ndiye mwenye duka: mjomba wake Waya, kaka wa mama yake, tumbo moja. Mjomba hakuhitaji kipaza sauti. Aliuliza kwa sauti ile ile anayoitumia kuomba chumvi mezani:

"Umewahesabu?"

"Wanahesabika, Mjomba."

"Basi wahesabu. Mwisho wa mwezi nikuone."

Jina la Waya alipewa utotoni. Alikuwa mwembamba, halafu kila kitu chenye waya ndani yake alikifungua. Redio ya baba yake aliifungua vizuri sana. Kuifunga ndiko kulikomshinda. Alipokua, ukoo mzima ukakubaliana kwamba kijana huyu ana kipaji, ila hakuna aliyejua ni kipaji cha nini. Ndipo mama yake akamwendea kaka yake, akamwambia, "Mchukue mpwa wako, ana mambo ya kompyuta." Mjomba akamchukua kama watu wanavyochukua paka: hukumwomba, lakini keshaletwa, utamfukuzaje?

Akapewa chumba cha juu, kilichokuwa kikiwekwa vigae vya mfano. Meza yake ilikuwa mlango wa bafu uliokosewa vipimo, umelazwa juu ya masinki mawili ya mguu. Kiti chake kilikuwa cha kuzunguka, ingawa kilikubali kuzungukia kushoto tu, hivyo akitaka kutazama printa iliyokuwa kulia kwake ilimbidi asafiri chumba chote. Dirisha lilitazama mabati ya jirani na tangi la maji lenye ufa. Kwa Waya hapo palikuwa ikulu. Alikipenda chumba kile kwa sababu moja kubwa: hakuna mtu duka zima aliyejua kinachofanyika humo ndani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumkosoa.

Humo ndimo alimoitengeneza tovuti. Ilikuwa na picha ya Mjomba juu kabisa ya kila ukurasa, amevaa suti, mkono mmoja ameuweka juu ya sinki kama mtu aliyepiga picha na mwanawe. Chini ya Mjomba kulikuwa na bidhaa, kila moja na ukurasa wake, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, jina la Waya mwenyewe kama mtengenezaji. Mjomba aliifungua siku ya kwanza, akaiona picha yake, akaridhika, na tangu hapo hakuteremka chini ya kifundo cha tai yake.

Siku ya pili baada ya ule uzinduzi, Mjomba alipanda ngazi mwenyewe. Hilo lilikuwa jambo la hatari, kwa sababu magoti ya Mjomba hayakuwa yakipanda ngazi kwa habari njema.

"Tuelewane, mpwa wangu," alisema, akahema, akakitazama chumba kwa macho ya mtu anayepima. "Kuna shehena ya vigae inakuja. Sina pa kuiweka. Nikakaa nikawaza: nina chumba kizuri huko juu, kikavu, amekaa mtu mmoja na kiti kinachozunguka."

"Kushoto tu, Mjomba."

"Ndiyo hivyo. Sasa sikiliza. Hao watu wako wa tovuti wakiwepo kweli, kaa. Wasipokuwepo, vigae vitapanda na wewe utashuka. Nyapara anahitaji mtu wa kupanga mabomba."

Nyapara alikuwa msimamizi wa stoo ya nyuma, na jina hilo aliitwa hata na mke wake. Stoo yenyewe ilikuwa ya mabati juu, mabati pembeni, na Nyapara katikati. Saa sita mchana mabomba ya plastiki yalikuwa yakijikunja yenyewe kwa joto. Waya akasema, "Mjomba, wewe usiwe na shaka," kwa sauti ya mtu ambaye shaka zote amebaki nazo yeye.

Kitu ambacho hakumwambia Mjomba ni kwamba katika miaka yote ya kujisifu hakuwahi kuhesabu hata mgeni mmoja. Alijua tu wapo, kama mtu anavyojua anapendwa na jirani.

Kuhesabu kulikuwa kunawezekana. Tovuti ilikaa kwenye seva ya kukodi, na seva ina tabia ya jirani mbea: kila mtu anapogusa ukurasa, inaandika mstari mmoja. Nani kagusa, yaani anwani ya intaneti anayotokea, saa ngapi, ukurasa gani, simu au kompyuta ya aina gani. Mistari hiyo ilikuwa imejikusanya kwenye faili tangu siku ya kwanza, haijasomwa na mtu, kama barua za benki. Waya akaishusha folda nzima, akatafuta programu ya kuchambua vitu hivyo, ile ya kujaribu bure kwa muda, akakaa.

Programu ikamfungulia dirisha la kwanza: tengeneza seti mpya ya data. Ipe jina.

Waya akaandika: USHINDI.

Ikamuuliza faili ziko wapi, akaionyesha. Ikazinusa kidogo, ikamwambia ninadhani mistari hii imeandikwa kwa mpangilio fulani, je, nikubali? Hapo mtu mwenye akili zake angebonyeza ndiyo. Lakini Waya ni mtu asiyependa kukisiwa. Akafungua orodha ndefu ya mipangilio, akachagua mmoja wenye jina la kuvutia zaidi. Programu haikubishana naye. Ikasoma faili zote, ikamletea ripoti yenye michoro ya rangi, na kwa mujibu wa ripoti hiyo mgeni aliyeongoza kuitembelea tovuti aliitwa Saa Nne na Robo. Wa pili alikuwa Saa Tano Kasoro. Programu ilikuwa imeisoma safu ya saa kama ndiyo safu ya watu.

"Sawa," Waya aliiambia kompyuta, "umeshinda hiyo moja."

Akafuta, akaanza upya. Seti ya pili akaiita USHINDI HALISI. Safari hii alikubali alichokisiwa. Mstari wa maendeleo ukatambaa toka kushoto hadi kulia, feni ya kompyuta ikalia kama jenereta, na mwisho ikatoka namba iliyomfanya asimame, akakaa, akasimama tena. Akashuka ngazi tatu tatu mpaka kwa dada yake.

Dada yake alikuwa keshia wa duka, mkubwa kwake kwa kuzaliwa na kwa kila kitu kingine. Alikaa ndani ya kibanda cha kioo chini ya ngazi, na hakuna kilichoingia wala kutoka dukani bila kupita mbele ya jicho lake.

"Dada! Elfu themanini!"

"Za nani?"

"Siyo hela. Watu! Mwezi mmoja!"

Dada aliendelea kubana risiti. "Watu elfu themanini wametafuta masinki mwezi huu. Mji mzima umeamka masinki yamepasuka."

"Programu ndiyo imesema."

"Na mimi nasema nimetoa risiti mpaka mkono unaniuma na hazifiki hata mia tatu. Hao wengine wananawia wapi?"

"Dada, wewe una wivu."

"Mdogo wangu, mimi nina foleni. Pisha."

Akarudi juu akiwa amenuna, lakini swali la kunawa lilimfuata ngazini. Akafungua ripoti, akaanza kuwatazama wageni wake kwa karibu, na kadiri alivyowatazama ndivyo walivyopukutika. Kwanza picha: ukurasa mmoja una picha kama ishirini, na seva ilikuwa ikiandika mstari kwa kila picha. Kwa hiyo mtu mmoja aliyechungulia sehemu ya koki alihesabiwa kama msafara wa harusi. Halafu roboti, zile programu za mitandao ya kutafutia vitu, zinazopita kila tovuti duniani usiku na mchana bila kununua hata msumari. Halafu kulikuwa na mgeni mmoja wa ajabu, mwaminifu kupita wote, aliyebisha hodi kila dakika, hata sikukuu, akaondoka bila kusoma chochote. Waya alimchunguza mgeni huyu kwa mapenzi makubwa. Akagundua ni yeye mwenyewe. Zamani alikuwa ameweka kiprogramu cha kuigonga tovuti ili ajue kama bado iko hai, akasahau. Miaka yote alikuwa akijibishia hodi.

Ukitaka kuwaondoa wageni hewa, unaweka vichujio. Programu ilikuwa na ukurasa mzima wa vichujio, na maelezo yake yalikuwa ya adabu: usihesabu picha, usihesabu roboti, na usihesabu watu wa ofisini kwako mwenyewe, kwa sababu watu wa nyumbani si wageni. Waya akaona hilo la mwisho ni haki kabisa. Duka lilikuwa na laini moja ya intaneti, yenye anwani moja. Akaiandika anwani hiyo kwenye kichujio: chochote kitokacho hapa, tupa.

Seti ya tatu hakuiita ushindi. Aliiita MUNGU SAIDIA. Akabonyeza.

Kumi na moja.

Akasubiri labda namba inaendelea kupanda. Haikupanda. Si elfu kumi na moja, wala mia kumi na moja. Watu kumi na mmoja, mwezi mzima. Mmoja wao alikuwa mama yake mzazi, hilo alikuwa na uhakika nalo, kwa sababu kila jioni mama humpigia simu kumwambia, "Nimeona jina lako pale chini, mwanangu, lipo bado." Mwingine, kwa saa alizoingia na simu aliyotumia, alikuwa mama mkwe, na huyu naye alikuja kuangalia kama jina lipo bado, ila kwa nia nyingine.

Waya akashika tama. Kupitia sakafu alimsikia Nyapara akimfokea mtu kuhusu bomba la inchi mbili, na kwa mara ya kwanza akayasikiliza matusi yale kama mtu anayejifunza lugha ya nchi anayohamia.

Shetani hakuchelewa. Seti ya pili ilikuwa bado ipo. Elfu themanini, michoro ya rangi, tayari kuchapishwa. Mjomba angejua nini kuhusu vichujio? Akaizungukia printa, kushoto, safari ndefu, akaiwasha. Karatasi ikaingia. Kisha akakumbuka Mjomba ana neno moja tu analolipenda, nalo ni "nionyeshe". Angesema, nionyeshe mmoja. Na yule mmoja angekuwa Waya akijigongea mlango.

Akaizima printa. Na kwa kuwa mtu aliyekwisha kuharibikiwa hana haraka, akaanza kutazama alichokitupa. Programu ile haikuwa ikifuta kilichochujwa. Ilikiweka pembeni, uweze kukipekua. Waya akafungua takataka za anwani ya duka, akitegemea kukuta simu za wafanyakazi. Alizijua zote. Zilikuwa chache, na mbili kati yake zilikuwa za vitufe, haziwezi kufungua hata mlango.

Akakuta mamia ya simu. Za kila aina, mpya na kuukuu, hata zile ambazo alidhani zimeshakuwa historia. Zote zinatokea ndani ya duka, saa za kazi tu. Na hakuna aliyeishia ukurasa wa mbele kama Mjomba. Wote walikwenda moja kwa moja kwenye kurasa za bidhaa, wakakaa hapo dakika moja hivi, wakaondoka.

"Hawa ni akina nani?" akajiuliza, akashuka, taratibu safari hii, kama mtu anayeingia kwenye nyumba yake anayodhani ina mwizi.

Kuelewa alichokiona chini, lazima umjue Hakimu. Hakimu ndiye aliyekuwa muuzaji wa kaunta tangu duka lilipokuwa kibanda. Humo dukani hakuna kitu kilichobandikwa bei, na haikuwa kwa kusahau. Bei ilikaa kichwani mwa Hakimu. Mteja akiuliza sinki shilingi ngapi, Hakimu alianza na viatu vyake, akapanda magotini, mkanda, saa ya mkononi, akamalizia na nywele, ndipo akatoa hukumu. Viatu vya ngozi vililipa bei moja, kandambili bei nyingine. Na akikuona hufai kabisa, hakutaja bei, alikuuliza swali. Mjomba aliuita utaratibu huo "biashara". Miezi ya karibuni Hakimu alikuwa akilalamika. Wateja wameharibika, alisema. Wanakuja kaunta wamekaza shingo, wanataja bei wenyewe, na wanaitaja sawasawa, ile ya chini kabisa. "Kuna mtu anauza siri za kaunta," aliwaambia watu, akiwatazama wote viatu.

Basi Waya alipofika chini alisimama nyuma ya nguzo ya vigae, akatazama. Karibu na vyoo vya kukaa alisimama mwanamke mwenye sare ya muuguzi, ameinamia simu kama anayesoma ujumbe wa msiba. Alisoma, akakitazama choo, akasoma tena. Mita chache kutoka kwake, jamaa mwenye rangi ya ukutani kwenye suruali alikuwa akifanya hivyo hivyo mbele ya bomba la mvua. Kwenye vioo walikuwa wawili.

Waya akamsogelea muuguzi. "Samahani, dada yangu, nikusaidie?"

"Shhh!" Muuguzi hakuinua macho. "Yule mzee wa kaunta ameshaniangalia viatu?"

"Bado. Ana mtu."

"Basi usiniharibie. Ninamalizia."

"Unamalizia nini?"

"Bei." Akamgeuzia simu. Juu kabisa, mkono juu ya sinki, alikuwa Mjomba.

Waya akainyoosha kola yake. "Hii tovuti... unaionaje?"

"Nzuri sana. Huyu mzee wa juu mngemtoa, anachelewesha kufunguka. Lakini bei zipo wazi, hakuna maswali. Mimi kila nikija hapa ninaanzia humu."

"Kwa nini usiifungulie nyumbani?"

"Nitajuaje ipo? Anwani yake mmeiandika pale ukutani, chini ya neno la siri la intaneti ya bure. Si ndipo nilipoiona?" Akapunguza sauti. "Mara ya kwanza nilimuuliza yule mzee bei ya kioo. Akanijibu, 'Cha ukutani, au cha kuweka kwenye pochi?' Nikiwa na sare yangu hivi hivi! Nilitoka hapa machozi yananilengalenga. Sasa ninasoma kwanza, nikifika pale ninamtajia. Uso wake unavyokuwa... hata kama sinunui, ninakuja kuuona."

Akaenda kaunta. Waya akabaki pale kati ya vyoo, hajui ashangilie au akimbie.

Maana sasa alielewa yote kwa pamoja. Wageni wa tovuti walikuwepo, tena mamia. Lakini kila mmoja wao alikuwa ameingia kwa mlango. Ile tovuti aliyojisifia kwamba inaushinda mlango isingepata mtu kama si mlango. Na kilichowaleta ni bei, na bei aliziweka yeye, wala si kwa busara: ukurasa wa bidhaa ulikataa kuhifadhiwa bila kujazwa nafasi ya bei. Alikuwa ameenda kwa Dada, Dada akasoma kwenye nakala za risiti, akamtajia bei za chini kabisa zilizowahi kukubaliwa. Aliyekuwa akiuza siri za kaunta alikuwa yeye. Akimwonyesha Mjomba watu wake, anajishtaki. Asipomwonyesha, vigae vinapanda.

Akapitia kwenye kibanda cha kioo. "Dada, zile bei ulizonipa..."

"Zipi?"

"Za tovuti."

Dada akaacha kubana risiti. "Umeziweka watu wazione?"

"Ilikataa bila bei."

"Wewe!" Dada akaziba mdomo kwa mkono, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akalaza kichwa juu ya mashine ya risiti. "Hakimu miezi yote analala macho anatafuta jasusi... Nenda kamwambie Mjomba. Ukishushwa stoo nitakuletea maji ya kunywa."

Mjomba alipokelea mambo mazito nyuma ya maonyesho ya mabafu. Alikaa juu ya choo cha maonyesho kilichofunikwa mfuniko, akisema hakuna kiti cha bei ile kinachomfaa mgongo zaidi. Mwisho wa mwezi ulipofika Waya alisimama mbele yake na karatasi. Hakimu alikuwepo, ameitwa kwa sababu alijiita mwenyewe. Dada alisimama pembeni na kikombe, eti anapumzika.

"Haya," alisema Mjomba. "Wapo?"

"Wapo, Mjomba. Zaidi ya mia sita."

"Nionyeshe mmoja."

Waya akainua mkono akaonyesha, kupitia uwazi kati ya mabeseni mawili ya kuogea, mwanamume mwenye ndevu aliyekuwa amesimama na simu yake mbele ya koki. "Yule pale."

Mjomba akageuka. "Yule ni mteja."

"Ndiye huyo huyo. Yuko kwenye tovuti sasa hivi."

"Yuko dukani kwangu, anatumia intaneti yangu, kuangalia koki yangu kwenye simu, na koki yenyewe iko mbele ya pua yake?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Ana kichaa?"

"Anatafuta bei."

Hakimu akawa wa kwanza kuunganisha mambo. Unaweza kusema mengi juu ya Hakimu, lakini hesabu alikuwa nayo. "Bei," alisema polepole, akainuka. "Ni wewe. Ni wewe, waya wa kuanikia nguo! Nimewatuhumu wafagiaji! Nimemtuhumu Nyapara!"

"Nyapara ulimtuhumu kwa nini?" Dada akauliza toka pembeni.

"Alikuwa ananisalimia vizuri!"

"Kaa chini," alisema Mjomba.

"Mzee, huyu kijana ametuvua nguo..."

"Nimesema kaa. Mpwa wangu, kwa nini yule asimuulize Hakimu? Hakimu yupo, ana mdomo."

Waya akatazama sakafu. Hapo ndipo palikuwa pagumu, kwa sababu Hakimu, pamoja na yote, alimwona akizaliwa. Lakini Nyapara alikuwa akifoka huko nyuma, na mabati yalikuwa yakilia kwa jua. Akapiga moyo konde. "Wanaogopa, Mjomba. Muuguzi mmoja ameniambia aliuliza bei ya kioo, akaulizwa kama anataka cha kuweka kwenye pochi. Alitoka analia."

"Ulimwambia hivyo?" Mjomba alimgeukia Hakimu.

"Lilikuwa swali la kitaalamu."

Mjomba hakucheka. Alimtazama yule mwenye ndevu kwa muda. Yule mtu akasoma simu, akageuza macho kaunta, akakuta hakuna mtu, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyesamehewa. Akaichukua koki mwenyewe, akaenda kusubiri kwenye kibanda cha kioo. Dada akaweka kikombe chini akaenda kumpokea.

"Mia sita," alisema Mjomba. "Wote hivyo?"

"Wote, Mjomba. Wa nje ni kumi na mmoja tu. Pamoja na Mama."

Hilo la mwisho halikuwa na ulazima, na alijua mara lilipomtoka. Mjomba akamgeukia taratibu. "Kwa hiyo ulichosema siku ile kwenye kipaza sauti..."

"Mlango umeshinda, Mjomba. Hauwezi kushindwa. Wote wanapita kwake kwanza."

Kicheko kikatikisika kifuani mwa Mjomba, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima aliyekaa juu ya choo, alijitahidi kisionekane. Akajipangusa uso kwa leso. Kisha akauliza swali ambalo Waya aliliona likija kama gari lisilo na breki:

"Tukibandika bei kwenye vitu vyenyewe, hao watu watakuwa na haja ya tovuti?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na maneno tayari, marefu, ya kitaalamu, na hakuna aliyekuwepo ambaye angeyaelewa. Akamkumbuka muuguzi alivyoinamia simu yake kati ya vyoo.

"Hapana, Mjomba. Watasoma pale pale. Tovuti itabaki na Mama."

"Na mama mkwe wako," Dada akapaza sauti toka kwenye kibanda.

Mjomba akainuka, magoti yakalia, akavuta suruali. "Vigae vitakaa kwangu nyumbani, gereji. Mke wangu ataniua, lakini hilo ni langu. Printa iko wapi?"

"Juu, Mjomba. Chumbani kwangu."

"Basi baki nayo. Chapisha lebo. Kila kitu humu ndani, mpaka kizibo cha sinki. Bei zile zile ulizowatajia wananchi, siwezi tena kuzipandisha, umeshanimaliza. Na wewe," akamgeukia Hakimu, "utazibandika."

"Mimi?" Hakimu alishika kifua. "Mwenye miaka yote hii kaunta?"

"Wewe ndiye unayejua vitu vilipo."

Wiki iliyofuata Waya aliiendesha tena programu, kichujio akakigeuza kiwahesabu wa dukani tu. Mstari wa mchoro uliteremka toka Jumatatu kama mtu anayeshuka ngazi, na kufikia Ijumaa ulikuwa umelala chini kabisa. Alipiga simu kwa mama yake, akamuuliza kama ameingia leo. Mama akasema ameingia, jina lipo. Basi akazungukia kushoto, safari ndefu, akaongeza karatasi za lebo kwenye printa.

Chini, Hakimu alikuwa amepiga goti karibu na mlango, miwani puani, akibandika huku akinung'unika. Msichana mwenye kandambili aliingia, akainama juu ya kichwa chake, akasoma kwa sauti ili mama yake aliyebaki barabarani asikie:

"Sinki la kona, na koki yake. Elfu tisini na tano."